Je, Kunywa Maji Humpunguza Mtu Unene?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba iliyopita nilikuta karatasi imebandikwa ukutani karibu na jiko. Mama yangu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: maji vuguvugu yenye ndimu bilauri mbili alfajiri, maji lita mbili mchana, lita moja usiku. Nilipomwuliza habari zake aliniambia kwamba daktari alimpima, akaona uzito wake umefika kilo 94 na sukari katika damu imeanza kupanda, akamwonya apunguze uzito mapema kabla ugonjwa wa kisukari haujamkamata. Jirani yetu mmoja, kwa wema wake, akamletea dawa hiyo ya maji aliyoisoma katika simu. "Wanasema maji huyeyusha mafuta, mwanangu," akasema mama, "kama maji ya moto yanavyotoa mafuta kwenye sufuria."

Mama alilifuata agizo hilo mwezi mzima, hakukosa hata siku moja. Siku mbili kabla sijarudi shuleni tulikwenda pamoja zahanati kupima. Mizani ilisema kilo 94, vile vile kama mwanzo. Mama alishuka kwenye mizani akanyamaza kimya, nami njiani nikajiahidi kwamba nitautafuta ukweli wa jambo hili. Tangu Januari nimekuwa nikisoma maktaba na kumsumbua Mwalimu wetu wa Baiolojia kwa maswali, naye kwa hisani yake amenisaidia kupata habari za wataalamu waliolichunguza jambo lenyewe. Naandika niliyoyapata kwa sababu mabwenini mwetu pia wamo wanaoamini kama alivyoamini mama, na hivi karibuni mmoja wetu aliumia kwa ajili hiyo, kama nitakavyoeleza.

Maji na mafuta ya mwili

Yafaa kwanza tujue unene ni kitu gani. Chakula huleta nguvu mwilini, na nguvu hiyo hupimwa kwa kilokalori. Nguvu ikiletwa nyingi kuliko inayotumika, mwili hauitupi, bali huiweka akiba katika umbo la mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kilokalori zipatazo 7,700. Akiba hiyo haipungui ila mwili utakapohitaji nguvu kuliko ile inayoletwa na chakula. Hapo ndipo hufungua ghala na kutumia.

Sasa tuyatazame maji. Maji hayana kilokalori hata moja, na hilo ni jema kabisa. Lakini hayapiti mahali popote mwilini yakasugua mafuta. Mtu akinywa maji, hushuka tumboni, huingia utumboni, hufyonzwa na damu, kisha figo huchuja yaliyozidi na kuyatoa kwa mkojo, na mengine hutoka kwa jasho na pumzi. Mafuta nayo yamekaa ndani ya seli zake, wala hayaoshwi kama sufuria.

Watu wengine hubisha, wakisema kwamba mwili hutumia nguvu kuyapasha moto maji baridi. Neno hili ni kweli, nasi wanafunzi wa Fizikia twaweza kulipigia hesabu wenyewe. Gramu moja ya maji huhitaji kalori moja ndogo ili joto lake lipande nyuzi moja. Tuseme mtu amekunywa nusu lita ya maji ya barafu yenye nyuzi 3. Mwili una nyuzi 37, kwa hiyo maji hayo yapande nyuzi 34. Gramu 500 mara 34 ni kalori ndogo 17,000, yaani kilokalori 17 tu. Hata tukikubali kwamba nguvu yote hiyo yatoka katika mafuta, ili kumaliza kilo moja ya mafuta mtu atalazimika kunywa nusu lita za namna hiyo mara 453, ambazo ni zaidi ya lita 226. Pipa zima la lita 200 halitoshi! Tena hayo ni maji ya barafu. Maji vuguvugu ya mama yangu, yaliyokaribia joto la mwili, yalikuwa hayadai hata hizo kilokalori 17.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin, Ujerumani, waliwanywesha watu 14 nusu lita ya maji, wakasema kwamba matumizi ya nguvu mwilini yalipanda kwa asilimia 30 kwa muda. Habari hiyo ilienea sana duniani, na mpaka leo ndiyo inayotajwa na wapenda dawa ya maji. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walilirudia jambo lile. Maji ya joto la kawaida hayakupandisha kitu. Yale ya nyuzi 3 yalipandisha asilimia 4.5 tu kwa muda wa saa moja. Twajifunza hapa kwamba habari ya uchunguzi mmoja isipokelewe upesi kabla wengine hawajaihakiki.

Kuhusu ndimu, hakuna nguvu ya pekee ndani yake iunguzayo mafuta. Hutia ladha na huleta vitamini C, nayo si mambo mabaya. Walakini ukali wake hula gamba gumu la meno, basi asiyekuwa na haja nayo asijilazimishe kila alfajiri.

Mizani inavyoweza kutudanganya

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mimi mwenyewe nilijaribu siku tuliyokwenda zahanati. Nilipima, nikanywa chupa ya nusu lita palepale, nikapima tena. Uzito uliongezeka nusu kilo. Je, nilinenepa kwa dakika mbili? La hasha. Kadhalika mchezaji wa mpira atokwaye jasho jingi uwanjani huenda akapungua kilo nzima kabla ya filimbi ya mwisho, lakini akinywa maji uzito hurudi. Kilichokuja na kwenda ni maji, mafuta hayakuguswa. Kwa hiyo mtu anayevaa sweta mbili na kukimbia juani ili atoe jasho ajue kwamba anajikausha maji tu, tena anajitia hatarini.

Maji kabla ya chakula

Basi, je, maji hayasaidii hata kidogo? Yasaidia, ila kwa njia nyingine. Mwaka 2010 watafiti wa Virginia, Marekani, walichukua watu wazima 48 wa miaka 55 hadi 75 wenye uzito uliozidi. Wote walipunguziwa chakula, lakini kundi moja liliambiwa linywe nusu lita ya maji kabla ya kila mlo mkubwa. Baada ya majuma 12, kundi la maji lilikuwa limepungua kilo zipatazo mbili zaidi ya wenzao. Mwaka 2015 Waingereza wa Birmingham waliwapa watu 84 shauri la kunywa nusu lita nusu saa kabla ya kula. Tofauti waliyoipata baada ya majuma 12 ilikuwa kilo 1.3. Tumbo likiwa na maji kabla ya chakula, mtu mzima hushiba upesi zaidi.

Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo, tena si sawa kwa wote. Mwaka 2007 uchunguzi mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba maji kabla ya chakula yaliwafanya wazee wale kidogo kuliko kawaida, lakini kwa vijana hayakuleta tofauti. Maji hupita upesi tumboni, na tumbo la kijana huyatoa upesi zaidi. Kwa hiyo sisi tulio bwenini tusitegemee sana njia hii.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo ambalo lingewafaa wapishi. Mwaka 1999 wanawake 24 huko Marekani walipewa, kwa siku mbalimbali, chakula cha kuku na wali kabla ya mlo wa mchana. Siku moja walikula chakula hicho peke yake. Siku nyingine walikula pamoja na bilauri ya maji pembeni. Siku ya tatu maji yaleyale yalipikwa ndani ya chakula kikawa supu. Bilauri ya pembeni haikupunguza walichokula baadaye, lakini supu ilipunguza kilokalori zipatazo 100. Maji yaliyomo ndani ya chakula hushibisha kuliko yale ya kunywa. Ndiyo sababu supu, mboga za majani, matango na tikiti maji humjaza mtu bila kumletea nguvu nyingi.

Maji yakikaa mahali pa sukari

Sasa nafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililoifungua fumbo la mama yangu. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Mama alipoanza kunywa maji, aliacha kunywa nini?" Nilifikiri sana, nikajibu kwamba hakuacha kitu. Mama huuza chakula sokoni, hukaa karibu na moto tangu asubuhi, na kiu humshika. Kila siku hunywa chai vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na soda mbili za chupa. Aliongeza lita tatu za maji juu ya hayo yote.

Soda za kawaida zina sukari ya gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu zipatazo 37, sawasawa na vijiko vya chai tisa. Nani kati yetu angekubali kunywa kikombe cha chai kilichotiwa vijiko tisa? Lakini katika soda hatuvioni, kwa kuwa ubaridi na ukali wake huficha utamu. Gramu moja ya sukari huleta kilokalori 4, kwa hiyo chupa moja ni kilokalori 150 hivi. Soda mbili ni 300, na chai mbili zile zina karibu 100. Jumla ni kilokalori 400 kila siku, nazo hazishibishi kama chakula. Kumbukeni kwamba nusu lita ya maji ya barafu yatumia kilokalori 17 tu. Ili kuifuta soda moja kwa maji ya barafu, mtu atakunywa zaidi ya lita nne! Bali akiiacha soda hiyo na kunywa maji mahali pake, amekwisha kuifuta yote mara moja. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi. Chupa moja tu imekwisha kuipita nusu hiyo.

Ushahidi upo hata kwa watoto wa shule. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa Uholanzi kwa watoto 641. Kila siku kila mtoto alipewa kinywaji cha mililita 250. Vinywaji vyote vilifanana, ila wengine walipata chenye sukari na wengine kisicho na sukari, na wenyewe hawakujua. Baada ya miezi 18, waliopata sukari walikuwa wameongezeka uzito wastani wa kilo 7.37, na wenzao kilo 6.35. Watoto hukua, hivyo kuongezeka si ajabu. Lakini ile kilo moja ya tofauti ililetwa na kinywaji kimoja kidogo kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Na huko Dortmund na Essen, Ujerumani, katika mwaka wa masomo 2006 hadi 2007, shule za msingi 32 zenye watoto karibu 3,000 zilichunguzwa. Baadhi yake ziliwekewa mabomba ya maji safi ya kunywa, na watoto wakafundishwa faida ya maji. Mwisho wa mwaka, hatari ya mtoto kuwa na uzito uliozidi katika shule hizo ilikuwa chini kwa asilimia 31 kuliko katika shule nyingine. Hawakunyimwa chakula, walirahisishiwa maji tu.

Hatari za kuyatumia maji vibaya

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliazimia kupungua. Kila jioni alipokuwa akitugawia ugali na maharage yake, alirudi bwenini akanywa maji mengi ili tumbo lisilalamike. Tulimsifu kwa ushujaa wake, nami nilikuwa mmoja wa waliokula maharage yale. Siku ya tisa alianguka mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Mlezi wa bweni alimpeleka zahanati, na muuguzi alipomaliza kumhudumia alituambia maneno machache: mwili wa msichana anayekua wataka chakula, na maji si chakula. Mwenzetu sasa ni mzima, naye mwenyewe ameniruhusu niandike habari hii bila jina lake. Maji yaweza kukaa mahali pa soda. Hayawezi kukaa mahali pa maharage.

Hatari ya pili ni kunywa kupita kiasi kwa muda mfupi. Figo za mtu mzima huweza kutoa kiasi cha lita moja kwa saa, pengine pungufu. Akinywa kupita hapo kwa saa nyingi, chumvi katika damu hupungua mno, na ubongo waweza kuvimba. Mwaka 2007 huko Sacramento, Marekani, mama mmoja kijana alifariki dunia baada ya kushiriki mashindano ya kunywa maji yaliyotangazwa redioni.

Wengi hushika hesabu ya bilauri nane kwa siku kama amri. Mwaka 1945 bodi moja ya lishe ya Marekani ilitaja lita mbili na nusu kwa siku, lakini iliongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula chenyewe. Watu wakakumbuka neno la kwanza, wakasahau la pili. Mwenye afya njema na afuate kiu yake, azidishe siku za jua kali na za michezo, na atazame mkojo wake: ukiwa wa njano iliyopauka maji yanatosha, ukiwa mzito apate kunywa zaidi.

Tena kuna dalili moja ambayo yeyote asiifurahie. Mtu akiona kiu haimwishi, akojoa mara kwa mara, na anakonda bila kukusudia, asidhani kwamba maji yamemfaa. Hizo ni dalili za kisukari, naye yampasa kwenda hospitali bila kuchelewa.

Neno la mwisho

Nilimwandikia mama barua mwezi wa Februari, nikamwekea hesabu zote. Sikumwambia aache maji. Nilimwomba aache soda, apunguze sukari ya chai kidogo kidogo, na maji ayanywe kila kiu inapomshika pale jikoni. Daktari naye alikuwa amemshauri kupunguza wali wa usiku na kutembea jioni, na hayo pia aliyafanya. Likizo ya Juni tulikwenda tena zahanati. Kilo 90. Sitasema kwamba maji ndiyo yaliyofanya kazi hiyo peke yake, wala safari ya mama haijaisha. Lakini karatasi ya ukutani ameiondoa, na mahali pake ameandika mstari mmoja: "Kabla sijanywa soda, je, si kiu tu?"

Kwa hiyo jibu la swali langu ni hili: maji hayayeyushi mafuta, ila yaweza kumsaidia mtu kupunguza uzito endapo yatakaa mahali pa vinywaji vya sukari, na kwa watu wazima endapo watayanywa kabla ya kula.

Nami nina maombi mawili. Kwa wazazi wetu, mnapokuja kututembelea siku ya wazazi, tafadhalini msituletee soda katoni nzima. Tuleteeni machungwa, matikiti, na karanga, nasi tutashukuru. Kwa uongozi wa shule, twaomba kwa heshima lipatikane pipa la maji yaliyochemshwa, lenye kifuniko na bomba, mlangoni mwa bwalo. Hivi sasa anayeshikwa na kiu baada ya chakula aona soda ya dukani iko karibu kuliko maji salama. Sisi wa Kidato cha Nne tuko tayari kushika zamu ya kulijaza na kulisafisha hadi siku ya mtihani wetu, kisha tutawakabidhi wadogo zetu wa Kidato cha Tatu.